Mama Sanamu, Mshauri wa Nyumba Zisizo na Ugomvi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sanamu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayesoma ni mdogo wake. Ndiye aliyeniachia ziwa. Nimepewa kazi hii kwa kuwa wengine wameshindwa, na sijui kama nami nitafika mwisho.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu ualimu mwaka 1985. Alifundisha watoto wadogo kabla ya kusomea ushauri wa familia. Hapo ndipo tulipoanza kumcheka, maana familia zenye ugomvi aliwaachia wenzake. Yeye alitaka zile zinazoelewana. "Dada, asiyeumwa unamtibu nini?" nilimuuliza. Akanijibu, "Kwani mnangoja mpasuane vichwa ndipo mjifunze kuongea?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliwaita baba, mama na watoto kwenye chumba chake juu ya duka la vioo, akasogeza viti ukutani, kisha kila mmoja kwa zamu akawapanga wenzake kama sanamu, bila neno: huyu ageuke, yule apige magoti, wewe mshike huyu mkono. Halafu aliyepanga alieleza kwa nini. Baba mmoja, dereva wa lori, aliwekwa na bintiye mlangoni, mguu mmoja nje. Alicheka sana, mpaka aliposikia maelezo. Akaenda kazini kuomba safari fupi. Dada alizoea kusema kwamba sanamu bila maelezo ni watu wamesimama tu.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Nyumbani kwao kila Jumapili meza ilisogezwa, wakapangana. Jirani alichungulia dirishani akadhani wameanza dini mpya. Watoto watatu wamekulia humo, na sijaona nyumba nyingine ambayo watu wanaambiana ukweli bila kununiana.

Februari mwaka huu alipata kiharusi. Hakuweza kusema wala kuandika. Akabaki na mkono wa kushoto. Tulimwonyesha picha, tukamsomea herufi moja moja, wapi. Ndipo binti yake mkubwa akasema, "Mama, tupange." Tukasimama kando ya kitanda. Sote alituvuta karibu. Shemeji peke yake dada alimsukuma kwa kiganja, akamwonyesha dirisha, akazungusha kidole mpaka shemeji akatugeuzia mgongo. Kisha akafumba macho, machozi yanamtoka.

"Nikufanyie nini, mama watoto?" shemeji aliuliza, bado kageuka vilevile. Dada alifariki tarehe 4 Machi, asubuhi.

Binti anasema mama alitaka baba asimwone akiteseka. Kitinda mimba anasema alimwonea huruma, baba alikuwa amechoka. Mimi leo nasema hivi, kesho nasema vile. Sote tulifundishwa na yeye, na hakuna anayejua. Inauma.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na sisi ndugu zake. Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani. Shemeji ameniomba niongeze hili: kama yupo kati yenu aliyepita kwenye chumba chake cha ushauri, na anadhani anajua alimaanisha nini, amfuate amwambie, hata kama ni baya.