Sahani ya Pili ya Maman Delphine

Maman Delphine Chisanga hakuweza kula mbele ya mtu aliyekaa na njaa. Mwenyewe aliita hali hiyo udhaifu. Katika udhaifu huo lilizaliwa shirika la Sahani ya Pili, ambalo chungu chake kimefika hospitali kila siku kwa miaka kumi na minne, bila kukosa hata moja. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba siku ya kwanza ya kukosa ingekuwa siku ya kilio chake, siku ya kuzikwa kwake.

Alizaliwa Pweto tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Papa Élie Chisanga na Mama Agnès Mutale. Mama yake aliuza samaki wakavu, na alimfundisha mapema kwamba muuzaji asiyeongeza samaki mmoja juu ya fungu hajauza, amenyang'anya. Delphine alipotimiza miaka sita, baba yake alipata kazi ya mgodi, na familia ikahamia Kambove.

Huko alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha akaenda Likasi mwaka 1972 kujifunza ushonaji na mapishi. Alipata diploma mwaka 1976. Kwenye karatasi yake ya mwisho sista mmoja aliandika: "Anapika vizuri, lakini anapikia watu wengi mno." Karatasi hiyo aliitunza maisha yake yote.

Mwaka 1977 alifika Lubumbashi, akaajiriwa jikoni katika shule moja ya bweni, akafanya kazi hapo miaka thelathini. Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa ya kanisa na Papa Stanislas Musonda, fundi wa reli, wakajenga nyumba mtaani Katuba. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwezi Mei 2011 Papa Stanislas alivunjika mguu, akalazwa. Kwetu hospitali inatoa kitanda na daktari. Chakula kinatoka nyumbani. Kila siku saa sita Maman Delphine alifika na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, vimefungwa kwenye kitambaa. Kitanda cha pili alilala mpakizi wa malori kutoka Mokambo, ambaye ndugu zake hawakujua hata kwamba ameumia. Kila bakuli lilipofunuliwa, alijigeuza akatazama ukuta, ili asionekane anaomba. Siku ya tatu Papa Stanislas alikirudisha kijiko.

"Delphine, miye siwezi kukula na mugongo ya muntu mbele yangu. Kesho ulete sahani mbili."

Kesho yake alileta mbili. Wiki iliyofuata alileta saba. Papa Stanislas aliporudi nyumbani na magongo yake, chungu kiliendelea kwenda hospitali bila yeye.

Akina mama wa mtaa walijiunga mmoja mmoja, kila mmoja na zamu yake ya kupika, mpaka wakawa kumi na tisa. Kuomba misaada Maman Delphine alikuwa na njia yake. Hakupeleka barua. Aliingia kwa mtu, akasalimu, akauliza habari za watoto, halafu akauliza swali moja. Mwenye mashine ya kusaga unga aliulizwa hivi:

"Patron, ku meza yenu munakulaka bangapi?"

"Tuko kumi na mumoja, Maman."

"Basi wa kumi na mbili iko ku hospitali. Anakungojea."

Yule bwana alicheka, akasema mama huyu ni mwizi wa mchana. Tangu siku hiyo gunia lake la unga halijakosa kufika kila Jumatatu. Wauza samaki wa Pweto walimwongezea mmoja mmoja juu ya fungu, kwa kuwa walimjua ni mtoto wa nani.

Mwaka 2014 mfanyabiashara mmoja wa vitambaa alilizawadia shirika vitenge vya kijani, vyote sare. Akina mama walifurahi, wakashona, na siku ya kwanza ya kuvivaa wakaingia wodini wamependeza, wote kumi na tisa, chungu mbele. Walisahau jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua: akina mama wengi wenye kitenge kimoja, wakiingia kimya, wametoka kwenye kilio. Mzee Adalbert, mchimbaji wa zamani wa Kambove, akajiinua kwenye mto.

"Mais banamama, kilio ni ya nani? Kama ni yangu, munipe kwanza nikule!"

Wodi ilicheka. Ila mama mmoja kijana, aliyekuwa na mtoto mahututi, alikimbia nje akilia, na Maman Delphine alimfuata, akakaa naye chini mpaka jioni. Mtoto yule alipona. Vitenge vilikunjwa, vikaingia sandukuni.

"Itangoja kilio ya kweli," alisema Maman Delphine.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Mwezi Septemba mwaka huu alilazwa katika wodi ileile, na akina mama wakamletea sahani. Alikuwa hawezi tena kumeza. Alikuwa akiuliza tu: "Kitanda ya pili, amekula?" Binti yake Deborah alipomshika mkono na kumuuliza anataka azikwe vipi, alijibu:

"Siku ile, nyungu ya hospitali itangulie. Miye sitakuwa na haraka."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Maman Kiki. Alipika huku analia, na saa sita chungu kilikuwa wodini.

Wengi mmeuliza kwa nini jeneza limechelewa leo kutoka nyumbani. Halikuchelewa. Lilingoja chungu kiende kwanza na sahani zirudi zimeoshwa. Sasa akina mama wamefika, kumi na wanane, na mnawaona wamevaa kitenge cha kijani.

Maman Delphine ameacha mume, Papa Stanislas Musonda, watoto, Sylvain, Deborah na Abigaël, wajukuu saba, mdogo wake, Mama Nono, aliyeko Pweto, na, kwa hesabu yake mwenyewe, mmoja wa kuongeza katika kila nyumba iliyowakilishwa hapa.

Zamu yake imekwisha. Apumzike kwa amani.