Historia ya Bi Biubwa Mfaume, Mama wa Viti vya Maboksi

Assalaam alaykum. Masheikh wetu, wazee wangu ambao nawaamkia shikamoo, ndugu wa Masaki na Kibuta, jamaa wa Mlandizi, na nyinyi mliotoka Picha ya Ndege tangu alfajiri, mimi naitwa Bilali Mfaume Kondo, mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa. Familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na karatasi hii tumeiandika jana pamoja na wanawe, Yasmin na Mudathir, ambao wamenionya nisiongeze maneno yangu mwenyewe, nimewaitikia, ingawa wananijua.

Bi Biubwa Mfaume Kondo alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 hapahapa Masaki, wilaya ya Kisarawe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu mzee Mfaume Kondo na marehemu mama yetu Bi Tabu Chuma, wakulima wa mihogo na korosho. Tangu utotoni alikuwa mbishi, neno hilo nalisema kwa heshima zote, kwani akiwa na miaka tisa aliwahi kugoma kula siku nzima kwa sababu sisi wanaume tulipewa nyama na wasichana mchuzi, akidai jembe wote tunashika lilelile. Mama alimchapa, kesho yake akagoma tena, siku ya tatu mama akagawa nyama sawa.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Masaki kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na chuoni alihitimu msahafu mwaka 1984, hakupata nafasi ya sekondari, na hakuna mwenzake wa darasa lile aliyeipata, lakini alikuwa na mwandiko mzuri, na barua nyingi za wazee wa kijiji hiki ameziandika yeye. Kuanzia mwaka 1986 alilima na kuuza unga wa muhogo Kisarawe mjini, hadi tarehe 6 Agosti 1994 alipofunga ndoa na marehemu Hussen Faraji Pazi, fundi uashi wa Mlandizi, wakaishi Mlandizi na baadaye, mwaka 1998, wakahamia nyumba yao Picha ya Ndege, Kibaha. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Yasmin mwaka 1996, Raudha tarehe 19 Septemba 1999, na Mudathir mwaka 2003.

Raudha alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, alichelewa kulia, na madaktari wakasema ana mtindio wa ubongo, hatakaa mwenyewe wala hatasema. Watu walisema yao, kwamba kuna mkono wa mtu, kwamba mama alikosea miiko, na wengine walimshauri shemeji yetu aoe mke mwingine atakayemzalia watoto wazima, shemeji akawajibu kwamba watoto wazima anao watatu. Mwaka 2007 mtaalamu wa viungo aitwaye Adamu, aliyekuwa akifanya kliniki Kibaha, aliwafundisha wazazi kutengeneza kiti cha mtoto asiyeweza kukaa, kwa maboksi na mifuko ya saruji ya karatasi, unabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa muhogo, unaanika juani siku kumi na zaidi, kisha unakata kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, nyonga, mgongo, shingo na miguu. Mifuko shemeji alirudi nayo kutoka saiti, unga ulitoka kwetu, na Raudha akiwa na miaka minane alikaa kitako kwa mara ya kwanza, akaona wenzake wanavyokula.

Shemeji alifariki tarehe 17 Januari 2009, na marehemu alipomaliza eda alirudi hapa Masaki na watoto wake.

Sasa nifike mahali ambapo wanawe walitaka niruke. Jumapili tarehe 4 Julai 2010 wageni walikuja nyumbani hapa kuleta posa ya mdogo wetu Rahma, na mimi, Bilali, kwa mikono yangu hii, nilimbeba Raudha nikamlaza stoo kwenye magunia ya makopa ya muhogo, nikafunga mlango, kwa kuhofia kwamba wageni wakimwona watasema ukoo wetu una kasoro. Dada alikuwa kisimani, aliporudi hakuuliza mtu, alifuata sauti, akafungua stoo, akamtoa mwanawe akiwa na unga usoni, akaja naye mpaka katikati ya mkeka wa wageni, akamwegemeza kifuani, akasema, "Karibuni sana, huyu ni Raudha, Rahma ni mama yake mdogo, kama mnamwonea kinyaa basi mjue na huyo mnayemposa ana damu hiihii." Wageni hawakuondoka, Rahma aliolewa na ndoa ipo mpaka leo, ila dada hakusema nami kwa miezi minne, na alikuwa na haki.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, Masaki na Kibuta, akiuliza swali ambalo hakuna anayependa kuulizwa, kwamba je, humu ndani kuna mtoto ambaye hatoki nje. Alitukanwa, alifungiwa milango, akaambiwa anatafuta umaarufu kwa misiba ya watu, lakini aliwapata watoto kumi na mmoja, na tarehe 3 Machi 2012 wazazi wao walikutana kwenye uwanja huu wakaanzisha Umoja wa Wazazi Kaa Nasi, yeye akiwa mwenyekiti, uliosajiliwa wilayani mwaka 2014. Walifanyia kazi chini ya banda la makuti, mvua ikinyesha viti vinalowa, wanaanza upya.

Mwaka 2015 Mfuko wa Hisani wa Mkole, wenye ofisi zake Dar es Salaam, ulitangaza ruzuku kwa vikundi vya mkoa wa Pwani, marehemu akaandika ombi kwa mkono, kurasa nne, likakataliwa kwa maelezo kwamba halina mpango mkakati. Sisi tulimcheka, yeye akauliza mpango mkakati ni kitu gani, akaambiwa kuna semina Kibaha, akaenda na Raudha mgongoni, binti wa miaka kumi na sita, akakaa siku tatu mstari wa mbele akiandika. Ombi la pili lilikubaliwa, na tarehe 1 Februari 2017 ruzuku ilianza, ikatupatia karakana ya bati yenye sakafu, misumeno, pikipiki ya kuwafikia watoto wa mashambani, na posho kwa mafundi wanne, wote wazazi. Sitaki kuwa mnafiki, ruzuku ile ilifanya kazi, kabla yake Umoja ulitengeneza viti saba kwa mwaka, baada yake arobaini, na akina mama ambao hawakuwahi kusimama mbele ya kikao walijifunza kuendesha kikao.

Lakini Mei 2018 lori lilileta viti vya magurudumu sitini, vipya, vinang'aa, zawadi ya mmoja wa wafadhili wa Mfuko, vyote vya saizi moja ya mtu mzima, na sherehe ya kukabidhi ilikuwa imeshapangwa, wageni rasmi wameshaalikwa, maturubai yameshakodiwa. Marehemu alitoa futi yake ya kushonea, akapima watoto, akapima viti, akachukua tisa vilivyofaa, na hamsini na moja akavirudisha kwenye lori lilelile. Nadhani mnakumbuka kelele zake, maana wengi wenu mlikuwemo, mlisema ana kiburi, anawafukuza wafadhili, anachezea bahati ya watoto wa wenzake, kikaitishwa kikao cha kumwondoa uenyekiti, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomtaka aombe radhi. Badala ya radhi aliandika barua kwa Mfuko, nakala yake ninayo, inasema, "Tunawashukuru kwa viti, ila watoto wetu tumewatoa chini kwa miaka mingi na hatutawarudisha chini kwa ajili ya picha, mkitaka kutusaidia tulipieni siku za kupima." Kikaoni kura zilipopigwa alibaki kwenye kiti chake kwa tofauti ya kura tatu.

Mfuko ulinyamaza miezi saba, ruzuku ikasimama, posho ikasimama, ila kazi haikusimama, kwa sababu maboksi yaliokotwa madukani, gundi ilitoka kwenye mihogo ya shamba lake, na hiyo hakuna aliyeweza kuizuia. Januari 2019 alikuja afisa wa ruzuku, Bi Eugenia, akalala Kibuta siku mbili, akashuhudia binti wa miaka sita akiwekwa kwenye kimoja cha viti vile vikubwa tisa tulivyobaki navyo, akateleza taratibu mpaka mkanda ukamfika kooni, kisha akawekwa kwenye kiti chake cha maboksi, akashika kijiko. Kuanzia Julai mwaka huo ruzuku ilirudi, safari hii ikilipia siku za kupima na kupima tena mtoto anapokua, ripoti zikaacha kuuliza idadi ya viti peke yake, na vikundi vya Mlandizi na Kibaha vikaletwa hapa kujifunza. Kwa hiyo msiishie kusema Mfuko ulimsaidia Biubwa, Biubwa naye aliusaidia Mfuko, na Bi Eugenia, ambaye tunaye hapa leo, ameniruhusu niseme hivyo mbele yake. Hadi sasa watoto mia mbili na kumi na wanne wanakaa kwenye viti vilivyotoka mikononi mwa Umoja huu.

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Dar es Salaam kwa mionzi na dawa, akawa anakwenda na kurudi, na akipata nafuu ya siku mbili anapanda pikipiki kwenda kupima watoto, tukimkataza anatuambia tupime sisi. Mtoto wa mwisho alimpima Kibuta tarehe 20 Septemba mwaka huu. Alifariki dunia jana, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nyumbani hapa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha watoto watatu na wajukuu wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliochota maji na kupika kwa miezi hii yote, wanachama wa Umoja wa Wazazi Kaa Nasi ambao wamefunga karakana kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, na wageni wa Mfuko waliokuja bila bango wala kamera.

Limebaki jambo moja, na hili halimo kwenye karatasi. Tangu jana mnaingia hapa, mnampa pole Yasmin, mnampa pole Mudathir, mnanipa mimi, na Raudha mnampita. Watu sita wameniuliza pembeni, tena kwa sauti ya huruma, huyu sasa mtampeleka wapi, na mmoja aliuliza kama anajua kilichotokea. Anajua. Hasemi, lakini tangu jana asubuhi kila mwanamke akikohoa uani anageuza shingo kumtafuta mama yake, na hajalala. Raudha Hussen Pazi hapelekwi popote, hapa ni kwao, amekaa mbele yenu kushoto kwangu, amefiwa na mama yake mzazi, na jeneza halitoki kwenye uwanja huu mpaka apewe pole na kila mtu, anayeshika mkono ashike, asiyeshika aseme kwa mdomo, na mtaje jina lake. Atawajibu kwa kuinua mkono wa kushoto, inamchukua muda, naomba mtu asiondoke kabla hajajibiwa.

Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, amrehemu, amsamehe, amkunjulie kaburi lake. Dada, kapumzike. Mstari wa pole unaanza na mimi.