Gia ya Pili Mpaka Kasanga

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Vijana wa huko nyuma, mambo? Naona mmeitikia kwa sauti kuliko wote, basi hamjachoka, nami nitasema bila haraka.

Mwenyekiti ameniomba niwasimulie wanachama wapya jinsi nilivyoingia kwenye umoja wetu huu wa wenye magari madogo. Nilimwambia mimi ni mama fundi cherehani, si mhubiri. Akasema, simulia tu kama unavyowasimulia wateja dukani. Hapo amekosea, maana kwangu mtu huingia kupima sketi ya shule akatoka jua limezama. Majina sitaji. Wanaohusika wamo humu ndani na wanajijua, na mmoja ameshaanza kuangalia viatu vyake.

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Kasanga, chini kule ziwani. Mama yangu bado anaishi kule, na hataki kusikia habari ya kuhamia Sumbawanga. Anasema baridi yetu ya mwezi wa sita si ya binadamu. Kwa hiyo nilishona sare za shule miaka mingi, nikanunua kigari, na nia yangu ilikuwa moja: nimwone mama siku ninayotaka, bila kukaa stendi nikisubiri basi lijae. Ni kile chekundu pale nje. Mtaani kwetu wanakiita Kibiriti. Mwanzoni niliona wananidharau, siku hizi nami nakiita hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kuendesha alinifundisha vizuri kila kitu isipokuwa kimoja. Aliniambia, ukifika mteremkoni toa gia, liache gari liende lenyewe, utaokoa mafuta. Baba mwenye shati la bluu, usicheke, nakuona, na wewe unafanya hivyo hivyo. Mimi nilipenda sana. Ule mlima wa kushukia Kasanga nilikuwa naliachia gari tangu juu, upepo wa ziwa unaingia dirishani, mguu kwenye breki, najiona dereva wa kimataifa.

Kisha mama akaanza kupotewa na macho. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Hospitali wakasema tuanze na jicho la kushoto, likipona arudi kwa la kulia. Nikamleta kwa Kibiriti, akafanyiwa upasuaji, akakaa kwangu akiwa amejifunika blanketi mchana kweupe, hata alipopata nafuu akasema sasa nirudishe kwangu nikaote jua. Siku ya kumrudisha nilipakia na gunia la mahindi na ndoo ya maharage, maana huwezi kwenda kwenu mikono mitupu. Gari likawa zito. Nikafika juu ya mlima, nikatoa gia kama kawaida yangu.

Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ilishika kwa shida, tukasikia harufu kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Ya tatu nilikanyaga, na pedali ikaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena, hamna kitu. Ndugu zangu, nawaambia, mwili unajua kabla ya akili. Mbele yetu lilikuwapo lori la saruji linashuka polepole, mkono mmoja bonde, mkono mwingine ukuta wa mlima, na kando ya ule ukuta lundo la kokoto lililoachwa na watu wa barabara. Nikakata usukani, tukaingia kwenye kokoto.

Kibiriti kilipasuka taa na bampa. Mimi nilichubuka paji la uso. Mama alivunjika mkono. Vumbi lilipotulia alishika jicho lake, akafumbua, akafumba, akasema, "Jicho lipo. Twende nyumbani." Dereva wa lori aliona kwenye kioo, akasimama, akatubeba mpaka chini. Mungu ambariki popote alipo.

Gari lilivutwa kurudi Sumbawanga, nikalifunika turubai uani. Kuku wakahamia chini yake na mimi sikuwafukuza. Siku moja nilijikaza nikaingia, nikaketi kwenye usukani, nikaweka mguu kwenye breki. Injini haijawashwa, gari limesimama uani kwangu, na mguu ukaanza kutetemeka mpaka goti likagonga dashibodi. Nikatoka. Mguu huu huu wa kulia ndio ninaokanyagia cherehani, na hata dukani ukawa unasimama wenyewe katikati ya mshono. Mkono wa mama uliunga, lakini mimi bado.

Mtasema, si kuna basi? Lipo. Nilipanda mara moja kwenda kumwona. Mlima mzima nilifumba macho, nimemng'ang'ania mkono abiria wa jirani, baba wa watu wala hatujuani. Niliporudi nilijiambia sishuki tena ule mlima, nimwone mama kwa simu basi.

Ukafika wakati wa jicho la pili. Nikampigia.

"Mama, nakutumia nauli. Mdogo wangu atakusindikiza kwenye basi."

"Sipandi basi."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuja na gari la mwanangu. Nitakuja na gari la mwanangu."

"Gari halijapona."

"Gari, au wewe?"

Nikasingizia mtandao, nikakata.

Tuliendelea hivyo miezi. Mdogo wangu ananieleza: leo mama amemimina chai nje ya kikombe, ameungua. Leo amejikwaa kizingitini kwa upande ule asioona. Nilimkasirikia mama, sifichi. Nilimsema kwa ndugu zetu wote kwamba amekuwa mkaidi, anaharibu jicho lake kwa kiburi. Huku ninashona, huku ninalia, wateja wanadhani ni vumbi la vitambaa.

Sasa siku moja akaja dukani kijana mmoja na gari dogo la kijani, anataka kava za viti. Nikamwambia kava hazishonwi bila vipimo, nikachukua futi kamba yangu, nikaenda kupima. Viti vya nyuma nilipima vizuri. Kiti cha dereva nilikipima nikiwa nimesimama nje, nimejipinda, mkono mmoja umeshika mlango. Kijana akanitazama.

"Mama, si uingie tu ukae? Utavunja mgongo."

"Nimezoea hivi."

"Hakuna fundi anayepima kiti hivyo," akasema. "Unaogopa usukani?"

Sijui ilikuwaje. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nikamwambia yote palepale, futi kamba shingoni: mlima, kokoto, mama na jicho. Hakunihubiria. Aliuliza tu gari liko wapi, na Jumamosi ikifika nitakuwa nyumbani?

Jumamosi akaja na wenzake wa umoja huu. Mnajua wenyewe tunavyokuja, uani kukajaa magari kama kuna harusi, na majirani wakaanza kuchungulia. Kuku wakafukuzwa, turubai likavutwa, Kibiriti kikapandishwa jeki. Mimi nikaona wajibu wangu ni jikoni, wageni wapate chai. Mwenyekiti, huyu huyu, akaniita.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuwapikia chai, mzee."

"Kwetu gari halitengenezwi mwenyewe akiwa jikoni. Chai watapika hawa vijana. Wewe shika spana."

Wanachama wapya, hiyo ndiyo sheria yetu, mtaizoea. Chai ya siku ile ilikuwa ya moshi na tangawizi tupu, sijapata kunywa mbaya kama ile. Lakini nilifungua nati za tairi kwa mkono wangu. Mwenyekiti akanionyesha breki zangu zilivyoungua, akanieleza bila kunicheka. Akasema, injini ikiwa kwenye gia ndogo inalizuia gari mteremkoni. Ukitoa gia, kazi yote unaibebesha breki. Zikipata moto sana, mafuta yake yanachemka, na pedali inakanyaga mvuke.

"Breki zako hazikuwa na ubaya," akasema. "Uliziachia kazi peke yake."

Tukabadilisha zilizoungua, tukatia mafuta mapya. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja yuko chini kwenye gurudumu na spana, mwingine ndani anakanyaga breki. Mwenyekiti akaingia chini na uzee wake, akasema mwenye gari apande. Nikapanda. Mguu ukaanza mambo yake.

"Mzee, natetemeka."

"Tetemeka tu, mradi unakanyaga. Haya, kanyaga! Shikilia! Achia!"

Nikakanyaga na kutetemeka kwangu. Pedali ilikuwa laini, inazama, moyo wangu unazama nayo. Kanyaga, shikilia, achia. Tukahamia gurudumu jingine. Kanyaga, shikilia. Na hapo, ndugu zangu, nikasikia pedali inaanza kukaza. Kidogo kidogo, inanisukuma mguu. Inarudi juu. Walipomaliza gurudumu la mwisho ilikuwa imekaza kama ukuta, na nilipotazama goti langu, lilikuwa limetulia. Sikumbuki liliacha saa ngapi. Nilikaa mle ndani nikalia kwa sauti, na hao vijana walioharibu chai yangu wakajifanya wanatafuta spana.

Hawakunipeleka mlimani siku ile. Tulianzia barabara ya Laela, tambarare, mahindi huku na huku, nikaenda na kurudi hadi wanunuzi wa nafaka pale wakaanza kunipungia. Kisha vilima vidogo, nikijifunza kupunguza gia kabla ya mteremko. Mpaka asubuhi ya Jumamosi moja mwenyekiti akasema, leo tunamfuata mama.

Nikadhani mtu ataniendeshea. Hakuna. Gari la mwenyekiti mbele, mimi katikati peke yangu, na nyuma dada yetu mwalimu na gari lake jeupe. Anayekaa nyuma tunamwita mkia, na kazi ya mkia ni moja: hampiti mtu, hamwachi mtu. Tulipofika juu ya mlima, mwenyekiti akatoa mkono dirishani, akanyoosha vidole viwili. Gia ya pili.

Nikaingiza gia ya pili. Injini ikalia kwa hasira, nikaona inapasuka, lakini gari likawa linajizuia lenyewe, na mimi nagusa breki kidogo tu kwenye kona. Kila kona ule mkono unatoka, vidole viwili. Tukafika kwenye lile lundo la kokoto. Bado lipo, na pale tulipoingia pana shimo. Nikataka kusimama palepale na kuliacha gari. Nyuma yangu dada mwalimu akapiga honi ndogo, pi-pi, kama mtu anayebisha hodi. Nikaendelea.

Chini kabisa tukaegesha. Mwenyekiti akaja kwenye gurudumu langu, akasema, "Gusa." Nikagusa. Lilikuwa la uvuguvugu, kama kikombe cha uji ulichokisahau mezani.

Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba, begi miguuni, sweta limekunjwa juu yake. Sikuwa nimempigia. Nikamuuliza nani amekwambia? Mdogo wangu akajibu kwa niaba yake, akasema hilo begi linatolewa nje kila Jumamosi, jioni linarudishwa ndani.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akanigusa uso. Nikamwambia, mama, jicho lako lingeharibika, kwa nini hukupanda basi? Akasema hivi, na nayasema kama alivyoyasema: "Ningepanda basi, jicho langu lingepona, na wewe usingeshuka tena mlima huu. Mimi jicho moja ninalo. Wewe mama mwingine huna."

Miezi yote ile nilikuwa namwita mkaidi. Kumbe alikuwa anaungua mikono kwa chai ili mimi nipate sababu ya kushika usukani. Nililia pale mpaka mwenyekiti akaenda kununua samaki, migebuka asiyoihitaji.

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji, likapona. Mama yuko pale ukutani, mwenye miwani na masweta mawili. Mama, punga mkono. Haya, ameshanuna, anasema nimemwaga siri zake.

Asante, kijana wa kijani, uliyejua kwa namna nilivyoshika futi kamba. Kava zako sikukuchaji na sitakuchaji. Asante, dada mwalimu, kwa ile honi, mpaka leo naisikia nikikaza macho barabarani. Asante, mwenyekiti, kwa kulala chini ya gari langu ukaniruhusu kutetemeka. Na nyote, ninachowaomba ni kidogo. Baba wa shati la bluu, acha kutoa gia mteremkoni. Na mtu akikwambia ana hofu, usimnyang'anye usukani ukamwendeshea. Mpe kazi ya kufanya, nawe uwe karibu.

Kesho tunashuka Kasanga kumrudisha mama kwenye jua lake. Dada uliyekaa karibu na mlango, umekuja na bodaboda, lakini tangu nianze kusema umeshika ufunguo wa gari mkononi. Sikuulizi kitu. Kesho asubuhi njoo nalo. Mwenyekiti atatangulia, utaona mkono wake dirishani. Mimi ndiye mkia, na mama atakaa pembeni yangu, macho yake yote mawili mgongoni kwako. Wewe utakuwa katikati.