Osea Nzunda, Aliyejiita Mzima

Wachungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani mliokuja kwa miguu katika matope haya, familia inawaomba mtulie tuwasomee maisha ya ndugu yetu Osea Rubeni Nzunda, tangu alipozaliwa hadi Bwana alipomchukua, pamoja na yale ambayo mjane wake, Loisi, ameomba yasifichwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1938 huko Igamba, Mbozi, mtoto wa tatu wa mzee Rubeni Nzunda na mama Sekela, wakulima wa kahawa. Alianza shule mwaka 1947, akamaliza darasa la nane mwaka 1954, hakuchaguliwa kuendelea, akarudi kwenye kahawa ya baba yake akiwa ameinamisha kichwa.

Mwaka 1958 alikwenda Tunduma kupakia mizigo kwenye lori la bwana Yahaya Athuman, ambaye kila alfajiri, kabla ya kuwasha gari, alipiga boneti kwa kiganja na kusema kwa sauti, "Leo tunafika, na tunarudi wazima," na marehemu alipomwuliza kama gari linasikia, alijibiwa, "Gari halisikii, kijana, mimi ndiye ninayesikia."

Maneno hayo yalimwingia. Alifunga ndoa na Loisi tarehe 29 Desemba 1962, na asubuhi iliyofuata bibi harusi aliamshwa na sauti mlangoni, mume wake amesimama akitazama uwanja, anasema, "Mimi Osea ni fundi, nyumba yangu ina bati, watoto wangu wanasoma," ilhali hakuwa na randa wala msumari, mtoto hakuwapo, na nyumba ilikuwa ya nyasi. Majirani waliopita na majembe walimtania, "Fundi, hilo bati lako mbona linavuja?" naye akawajibu, "Linakuja, bado linapandisha mlima." Loisi alicheka kuliko wote, hadi alipoona marehemu amejifunza useremala kwa miaka miwili, na mwaka 1971 bati likapanda juu ya nyumba, na watoto wao Ruti, Rubeni na Jenista, kila aliyefikia umri, akaenda shule, kisha mwaka 1979 akazaliwa Osward.

Mwaka 1974 familia ilihamia kijiji cha ujamaa upande wa Chapwa, nyumba ikavunjwa, mabati yakabebwa kichwani, na asubuhi ya kwanza, watoto wakiwa wamelala chini ya turubai, marehemu alisimama akasema tena kwamba nyumba yake ina bati, na kabla ya mvua ikawa nalo. Madawati ya shule ya kijiji ni kazi ya mikono yake, na katika darasa la watu wazima aliwafundisha walioogopa ubao kutamka "Mimi nasoma" kabla hawajaijua hata herufi moja, na wengi wao wamo hapa, na wanasoma.

Mwezi Novemba 1982 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Hapo alibadili maneno ya asubuhi, akawa anasema, "Mimi Osea ni mzima, mwili wangu una nguvu," na akakataza neno ugonjwa lisitamkwe nyumbani kwake. Mnajua desturi yetu, kwamba majina ya wagonjwa hupelekwa kwa mzee wa kanisa Enoka, husomwa Jumapili, na ibada ikiisha vijana hupangwa kubeba machela hadi hospitali, lakini marehemu alimwambia mkewe, "Ukipeleka jina langu, utakuwa umenizika." Loisi alifika mlangoni kwa mzee Enoka zaidi ya mara moja, akarudi bila kubisha hodi. Majirani walipomwuliza kisimani, "Shemeji, mbona fundi amepungua hivi?" alijibu, "Ni kazi tu, ni mzima."

Jumapili tarehe 6 Machi 1983 alianguka kanisani, wimbo ukiwa katikati. Machela ilitoka siku ile ile, lakini mito ilikuwa imejaa, wakafika hospitali Jumanne, na daktari akasema, "Mngemleta kabla ya Krismasi, tungekuwa na la kufanya." Loisi alimwomba mumewe neno la kuwaachia watoto, hata moja, naye akasema, "Mimi ni mzima, mama Ruti, tutarudi nyumbani." Alifariki Jumapili tarehe 13 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, bila kumuaga mtu, kwa kuwa kuaga kungekuwa kukiri.

Loisi anasema hana faraja ya kuwapa. Maneno yale yalimjengea nyumba, na maneno yale yale yakamfunga mdomo, na hajui ni asubuhi gani yaligeuka. Anapiga magoti kama alivyolelewa, lakini sala haitoki.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, kwa kazi yao na kwa kutotudanganya, vijana waliovuka mito na machela mabegani, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza kwa randa yake, na bwana Yahaya, aliyetoa lori.

Mwisho, Loisi anaomba jina lisomwe hapa hapa, lisingoje Jumapili: Osward Osea Nzunda, umri miaka minne, ana homa tangu jana, ni mgonjwa.

Nawe Osea, pumzika, na amani tuliyoikosa sisi katika nyumba hii, Bwana akupe wewe.