Blogu Iliyomwita Macharia Mwizi

Pale River Road, kwenye kona ambapo kibanda cha funguo kimebanana na duka la vyuma, kuna benchi refu ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Asubuhi hiyo benchi lilijaa mapema, na hakuna aliyekuja kwa sababu ya kahawa. Macharia, fundi wa funguo ambaye wenzake humwita Masta, alikuwa amejibana mwishoni kabisa, mashine yake nyuma yake imezimwa. Tangu jana hakuna mteja aliyemsogelea. Blogu moja inayojiita Kikaango cha Jiji ilikuwa imetoa habari kwamba fundi mmoja wa River Road huwauzia wezi nakala za funguo za wateja wake, na hao wezi huingia nyumba za watu huko mitaa ya Lavington na Dagoretti bila kuvunja kitasa. Jina la fundi halikuandikwa. Picha ndiyo iliyowekwa, na ilikuwa yake, ameinama juu ya mashine na kofia yake ya buluu. Alionyeshwa picha hiyo na shemeji yake kwa simu wakiwa mezani, akasukuma sahani kando.

— Hiyo ofisi yao iko wapi? aliuliza Gurjit, Singasinga wa kilemba mwenye duka la vyuma, ambaye hapo kijiweni anaitwa Spana. — Niambieni orofa ya ngapi tu. Nitapanda na hizi miguu zangu.

— Wacha haraka, Spana. Kuna sheria, alisema Ndambuki. Huyu zamani alikuwa mfagiaji kwenye korido za mahakama, na tangu siku hizo huitwa Wakili. — Blogu ni kampuni. Lazima iko na cheti kwa ukuta, iko na mwenyekiti, iko na muhuri. Tunashtaki mwenyekiti, tunashtaki na muhuri yake.

— Mwenyekiti gani? alidakia Spana. — Blogu ni kama ukuta ya choo. Mtu anaingia, anaandika ujinga wake, anafunga zipu, anaenda.

— Basi tutashtaki mwenye choo!

Musili, muuza kahawa, alikuwa akimimina huku akitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia.

— Nyinyi mnashtaki nani? Huko hakuna mtu. Ni mashine. Inakaa ng'ambo, inaingia kwa simu yako ukiwa umelala, inatoa picha, inajitungia stori.

— Inajitungia na Kiswahili? aliuliza Spana.

— Na Kikuyu pia! Kwani hii mitaro wanachimba mjini kila wiki mnafikiri ni ya maji? Umeona maji? Hiyo ni waya ya kuipelekea maneno yetu.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Ndio maana hawafukii vizuri! Hiyo blogu haiko ng'ambo. Iko hapa, chini ya viatu zetu.

Spana aliitazama lami kwa chuki.

— Mimi niko na sururu mpya dukani. Semeni tu.

Siku nyingine Macharia angecheka mpaka machozi yamtoke. Sasa alikuwa akimfuata kwa macho mama mmoja aliyekuwa ng'ambo ya barabara, funguo mkononi. Yule mama alikitazama kibanda, akanong'ona na mwenzake, akazitia funguo kwenye mkoba na kuufunga. Macharia akaishusha kofia yake usoni.

Emmah alitoka kwenye kibanda chake cha kuchapisha kadi za harusi, simu mkononi.

— Nimewasikia kutoka huko ndani. Hakuna cha muhuri wala sururu. Blogu ni ukurasa kwa mtandao, basi. Unaandika, unabonyeza, watu wanasoma. Kesho ukiandika ingine inakaa juu, ya jana inashuka chini.

— Na mwenyewe ni nani? aliuliza Wakili.

— Yule aliifungua. Hata wewe unaweza fungua.

— Mimi? Bila kuulizwa na mtu?

— Bila.

— Bila leseni?

— Wakili, nimesema bila.

Hasira ikapanda upya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

— Ngoja, alisema Spana. — Mimi kuuza misumari nalipia kibali. Musili hapa na birika yake anafukuzwa na askari wa kanjo kila Jumatatu. Na huyu mtu ameamka, hajaosha uso, ameita Masta mwizi, na hakuna mtu amemuuliza kitu?

— Hakuna.

— Hapana! Fungua yetu. Sasa hivi. Tutawajibu leo leo.

Emmah aliketi katikati yao, na vichwa vikamwinamia. Alisema panatakiwa imeili, akatumia yake. Panatakiwa paswadi, Wakili akataka iwe ndefu kama kifungu cha katiba. Halafu pakatakiwa jina la blogu.

— Andika Ukweli wa River Road, Wakili aliamuru.

Emmah aliandika, akasubiri.

— Inasema jina imechukuliwa.

— Imechukuliwa na nani? Wakili alisimama kabisa. — Nani amechukua ukweli?

— Jaribu Ukweli Kabisa, alisema Musili.

— Hiyo pia iko na mwenyewe.

— Hii nchi imeoza, alisema Spana.

Mwishowe walikubaliana kuiita Benchi la River Road, na simu ikakubali. Spana akachagua rangi nyekundu ili wasomaji wajue watu wamekasirika. Ukurasa ukafunguka, mweupe katikati, kistari kikipepesa kikingoja maneno. Basi maneno yakamwagika. Spana alisema waandike kwamba Kikaango ni watu wasio na mama. Wakili akaongeza kwamba kwa mujibu wa sheria zote, zilizopo na zitakazokuja, wana saa moja ya kuomba msamaha wakiwa wamepiga magoti. Musili akataka onyo kuhusu mitaro. Emmah alipiga chapa mpaka kidole gumba kikamuuma.

Macharia alisikiliza. Aliwapenda kwa hasira yao, lakini kadiri ukurasa ulivyojaa ndivyo alivyozidi kujiona mdogo. Hakuna aliyegeuka upande wake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mwenye mkoba wa vitabu aliposimama mbele yao.

— Hamjambo? Mimi naitwa Wangui. Nimehamia juzi tu huko Dagoretti, na nyumba nimepewa ikiwa na ufunguo mmoja tu. Nimeambiwa hapa kuna fundi.

Macharia aliinuka haraka, lakini Wakili alikuwa amemtangulia.

— Mama, umefika mahali salama! Usijali ile habari ya kwamba anauzia wezi funguo.

— Habari gani?

Wangui hakuwa amesikia lolote. Sasa alionyeshwa yote: Kikaango, picha, kisha jibu lao jekundu. Alisoma taratibu, ufunguo umefumbatwa ndani ya ngumi. Macharia alitamani tofali la benchi lichomoke waanguke wote.

— Nimesoma, alisema Wangui. — Hawa wengine mmewatukana vizuri sana. Lakini huyu fundi mwenyewe ni nani? Mbona hapa hakuna kitu mmesema juu yake?

— Ni Masta, alisema Spana.

— Masta ndiyo jina. Ni mtu wa namna gani? Ametoka wapi?

Spana alimtazama Wakili. Musili alianza kupangusa kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. Miaka yote hiyo walikuwa wamejadili serikali, mpira na bei ya unga kwenye benchi hilo, na huyu aliyekaa mwishoni hawakuwahi kumuuliza neno. Jambo hilo lilimchoma Macharia kuliko ile picha. Angalau Kikaango hawakumjua; hawa walikaa naye kila siku.

— Emmah, alisema, futa hiyo.

— Yote?

— Yote. Andika yangu.

Emmah alifuta. Macharia alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kwa ghadhabu.

— Andika: Mimi ndiye Macharia, ile picha ni yangu. Nimechonga funguo za nyumba zenu, za maduka yenu, za makanisa yenu. Usiku nalala kwangu. Mliniita mwizi na hamkuniuliza hata jina. Niko River Road, karibu na duka la vyuma, kila siku isipokuwa Jumapili. Kuja uniulize.

— Halafu?

— Imetosha. Bonyeza.

Emmah alibonyeza. Spana alikuwa ameinamisha kilemba chake, akitazama mikono yake.

Wangui hakuutoa ufunguo. Alimwambia Musili asogee, akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akamgeukia Macharia.

— Haya, alisema. — Mimi nauliza.