Maua Kumi na Tisa ya Mpakani

Zimeni hizo simu zenu mziweke juu ya kabati, kioo kikiangalia chini, na wewe Duncan toa hivyo vitu masikioni, maana nitasema mara moja tu na sina pumzi ya kurudia. Kingori, funga mlango. Muriithi, usisimame hapo dirishani kama mtu anayengoja gari. Keti karibu na ndugu yako, hakuumi. Risper, mke wa Kingori, chukua daftari uandike ninayosema vile ninavyosema, bila kunisahihisha Kiswahili, kwa sababu wewe ni mwalimu na mwandiko wako unasomeka, na kwa sababu kati ya watu wazima walio chumbani humu ni wewe peke yako ambaye sikukukuta na uongo. Nilikutafuta sana nikukute. Andika hata hilo.

Daktari wa mjini amesema nirudi nyumbani nipumzike. Niko na miaka themanini na moja, na nimewazika wengi walioambiwa wapumzike.

Mnajua mwaka huu ulivyokuwa. Tangu Februari, walimu walipogundua kwamba Sophie wa Kingori ana miguu ya mbio, nyumba hii ya Ruring'u imekuwa stendi. Leo ni mashindano ya kanda, kesho ni ya kaunti hapo uwanjani, Jumamosi ni Duncan anadaka mpira Nanyuki na lazima sote twende tukamshangilie, Pasaka ni siku yake ya kuzaliwa na keki yenye umbo la mpira, tukala mpaka nyavu. Mabegi mlangoni kila Ijumaa. Viatu vyenye misumari vikitoboa zulia langu. Wewe Muriithi, ambaye kwa miaka sita ulikuwa huwezi kuliacha duka lako la vifaa vya ujenzi hata uje kunijulia hali, ukawa unafika hapa kila wiki na soda na tabasamu. Watu wengine wangefurahi. Mimi mtu akianza kunipenda ghafla huwa namwangalia mikono.

Nikaiangalia. Mwezi wa Julai ulinijia na fomu za safari ya mwanao Duncan, kwamba timu yao inaenda kucheza Arusha, na kwamba zinataka kitambulisho changu. Nikakuuliza, tangu lini mtoto akienda kudaka mpira Arusha anaulizwa kitambulisho cha nyanya yake? Ukasema, "Ni fomu tu, Mama, ni mambo ya serikali." Nikakwambia kimepotea. Hakijapotea, kiko hapa chini ya mto, na kabla sijafunikwa Risper atakikata vipande viwili kwa makasi. Labda fomu ilikuwa ya kweli. Sitajua, na wewe hutaniapia, nimechoka kuapiwa.

Halafu ikaja hiyo sherehe. Sophie ameshinda mkoa mzima na anaenda Kisumu kukimbia na watoto wa Kenya yote, basi lazima kuwe na maombi, hema, mbuzi watatu na mchungaji. Sikukataa. Lakini siku mbili kabla yake, Muriithi, ukanitia kwenye gari lako ukanipeleka Kangema kwa dada yangu, ati nipumzike kelele za maandalizi. Dada yangu mwenyewe alishangaa. "Warigia," akaniambia, "huyu mtoto wako leo amekumbuka nini?" Nikamwambia sijui, lakini nitajua.

Nikarudi Jumamosi asubuhi. Hema limesimama, viti vimepangwa, na kutoka langoni mpaka mezani kuna makopo ya rangi, huku mengi na huku mengi, kila kopo na ua lake. Meupe, yenye mistari ya waridi. Wageni wanapita wakisema, Risper anajua kupamba, tazameni. Mchungaji akasema tufumbe macho tubariki chakula, na ninyi wote mkafumba, na mimi nikakaa na macho wazi nikihesabu makopo. Kumi na tisa.

Watoto, ninyi hamjui, kwa hivyo ngoja niwaambie. Hilo ua linaitwa itoka. Sisi hatulipandi kwa sababu linapendeza. Kitunguu chake kinashuka chini sana, ukichoma juu kinachipua tena, ukilima kinarudi, na ndiyo maana wazee walilipanda kwenye mpaka. Babu yenu Mutahi na ndugu yake hawakuonyeshwa mpaka na baba yao. Mzee alikufa ghafla, kila mmoja akawa na mstari wake kichwani, wakakaa miaka kumi na moja bila salamu. Siku tuliyomzika Mutahi, ndugu yake alikuja, akasimama nje ya ua wetu, upande wa barabara, kofia mkononi, mpaka tukamaliza, akaenda zake. Mimi nilimwona. Hakuingia.

Kwa sababu ya ugomvi huo, Mutahi alipoona nguvu zinamwisha alishika jembe. Muriithi ulikuwa na miaka kumi na minne, Kingori kumi. Aliwasimamisha hapo juani akawaambia: upande wa barabara ni wa Muriithi, upande wa mto wenye nyumba ni wa Kingori, na haya ndiyo yanayowatenga. Akapanda kumi na tisa, kutoka ua wa jirani huyu mpaka ua wa jirani yule. Hati ya shamba mpaka leo ni moja na ina jina lake. Mpimaji hajawahi kukanyaga hapa. Mpaka wenu ulikuwa ni hayo maua, basi, na mkayatia kwenye makopo ili mchungaji apite katikati.

Siku ile nilikula nyama yangu. Wageni walipoondoka nilimwita Risper jikoni nikamwuliza ni nani aliyemtuma, nikamwita jina baya, na hilo jina Risper usiliandike. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mumewe ndiye aliyempa jembe. Akasimama na sahani mkononi, akasema, "Mama, kwetu mpaka ni mkonge. Mimi niliona maua." Kisha akalia, na mimi machozi huwa siyaamini, nikamwacha alie nikimtazama. Nikamwuliza tena, hukumwuliza mtu kabla ya kung'oa? Akasema alimwuliza Kingori.

Ulimjibu nini, Kingori? Usiangalie sakafu, haina jibu. Ulimwambia, "Chukua tu." Hukusema ng'oa, hukusema acha, ulisema chukua tu, ukaingia kwenye gari ukampeleka mtoto mazoezini. Ulisimama juani na miaka kumi ukamwona baba yako akipanda, na ulipoulizwa ukawa mtu anayechelewa.

Na wewe usitabasamu, Muriithi. Makopo yalitoka dukani kwako. Risper ananiambia uliyabeba mwenyewe, moja moja, ukayafuta vumbi kwa kitambaa, ukayapanga mstari. Ulikuwa na kila itoka mbele ya pua yako, na kitu ulichosema ni, "Yasogezwe kidogo kushoto." Ndiyo maana ulinipeleka Kangema? Unatikisa kichwa. Tikisa. Nilipokuwa na macho mazuri ningejua kama kichwa kinachotikisika kinasema kweli.

Mkaenda Kisumu wote, mkaniacha na mbwa. Huyu mtoto akawa wa nne, mkarudi mmenuna kana kwamba wa nne ni wa mwisho. Mlipokuwa huko nilitoka na mkongojo wangu nikaenda kusimama pale hema lilipokuwa. Mashimo yamefukiwa, watu mia mbili wamekanyaga, pamekuwa tambarare kama meza. Nikatafuta mstari wa mume wangu nisiuone. Mimi niliyekuwa namshikia Mutahi vile vitunguu akivipanda. Nilirudi ndani nikakaa, sikupika.

Nikaamua kuwajaribu. Jumatatu nikamwita Kingori peke yake, nikampa fimbo nikamwambia, mwanangu, macho yangu yamekwisha, nenda ukasimamishe hii mahali itoka la kwanza lilipokuwa. Ukaenda, ukasimamisha bila kusita. Ulipoondoka nikaitoa nikaweka jiwe. Jumatano akaja Muriithi, fimbo ile ile, maneno yale yale. Naye hakusita. Nikapima kwa hatua zangu hizi fupi kati ya jiwe na fimbo. Kumi na sita.

Hatua kumi na sita, wanangu. Hapo si kusahau. Nikasema basi mmoja wenu ni mwizi, na usiku na mchana nikawa nauliza ni yupi, nikiwasikiliza mnavyokohoa, mnavyonisalimia, nani anauliza mno kama nimekula.

Halafu mvua ya Oktoba ikanyesha siku nne. Siku ya tano nikatoka tena. Nyasi zimechipua kila mahali, laini, isipokuwa sehemu mbili: mistari miwili ya udongo mgumu kama barabara, inakwenda pamoja kutoka ua huu mpaka ua ule, upana wa mkono mmoja kati yake, na huko mwisho inakutana kwa kuzunguka. Nikasimama hapo nikamwita huyu mtoto aliyekuwa anaanika soksi.

Nikamwuliza, Sophie, hii ni nini?

Akasema, "Ni mimi, Cucu. Mazoezi."

Mbona ni miwili?

"Naenda kwa upande wa baba mkubwa, narudi kwa upande wa baba. Maua yalikuwa hapa katikati. Nilikuwa nayahesabu, nikifika ya kumi na tisa nazunguka."

Mbona hukukimbia juu yake? Ndiyo njia fupi.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Si ulisema nisiyakanyage."

Nilisema. Alikuwa na miaka minne na nilimkimbiza na kiboko. Katika ukoo huu wote, ninyi wenye maduka na magari na vyeti, mtu mmoja tu ndiye aliyetii, na alikuwa anatii huku anakimbia.

Basi nikapima kutoka katikati ya ile mistari. Fimbo ya Muriithi iko hatua tisa kuelekea mto, ndani ya shamba la mdogo wake. Jiwe la Kingori liko hatua saba kuelekea barabara, ndani ya shamba la mkubwa wake. Nilikuwa natafuta mwizi mmoja. Nilizaa wawili, na sikujua kama nicheke. Nyamaza, Muriithi, tofauti ya hatua mbili hainijalishi. Mimi sijui mlipanga pamoja au kila mmoja peke yake. Nadhani kila mmoja peke yake, kwa sababu hamjawahi kupanga kitu pamoja kikafika mwisho.

Nipe maji, Risper. Kidogo.

Sasa shikeni maneno. Nyasi zinapanda. Nimeziona jana nikibebwa kwenda kwenye gari, zimeanza kuuma kingo za ile mistari, na Sophie hajakimbia tangu Kisumu. Mwezi mmoja tu na hakutakuwa na kitu, na mimi sitakuwa na mdomo. Kwa hivyo hakuna mtu anapanda gari. Arusha itangoja, Mombasa yenu ya Desemba itangoja. Makopo yako nyuma ya jiko, nimekuwa nikiyamwagilia mwenyewe, yote kumi na tisa ni mazima. Mtayarudisha leo, si kesho, kwa mikono yenu ninyi wawili, Muriithi akianzia ua wa huku, Kingori akianzia ua wa kule, mkutane katikati, na mtakapokutana mtashikana mikono yenye udongo mbele ya watoto. Wazee wangesema mwanamke hasimamii mpaka. Wazee wako wapi? Duncan ataangalia, Sophie ataangalia, na wao ndio watakaokumbuka.

Hati anayo Risper. Msimwangalie hivyo. Nilimpa juzi, na hamtajua ameiweka wapi. Hana shamba hapa la kupanua, na kosa lake alilifanya mbele ya watu mia mbili na kulikubali akiwa na sahani mkononi. Mpimaji akija, atakuja akiwakuta wote watatu, ninyi wawili na Risper, na atafuata maua. Kabati langu ni la Risper pia. Mbuzi aliyebaki ni wa Duncan, amtunze, asimwuze. Kwangu msifanye hema kubwa.

Fungueni dirisha. Lote. Duncan, niinue na huo mto mwingine, taratibu.

Ni saa tisa na jua bado liko. Sophie, vua viatu, nenda ukakimbie kama ulivyokuwa ukikimbia, ili baba zako waone. Upande wa baba mkubwa kwenda. Nendeni, ninyi, chukueni makopo. Nendeni nyote wawili. Risper baki, andika.

Nawabariki... ngoja. Nawabariki mzikane. Hivyo tu. Atakayetangulia, mwenzake aje, asimame ndani ya ua. Ndani, karibu na kaburi, aushike udongo. Mungu awape hilo, na mengine mtajitafutia.

Nasikia miguu.

Huko ni kwenda.

Mwepesi... mama yangu alikuwa hivyo.

Sasa amefika mwisho. Anazunguka. Risper, wewe unaona kutoka hapo. Hakuna hata ua moja lililopandwa bado, ni udongo tu. Niambie kweli. Amekatiza katikati?

Angalia vizuri.

Haya. Andika hivyo, kwamba amezunguka.