Bi Sinema na Filamu Alizokataa Zitupwe

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Sinema, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1969. Walimu walisifu insha zake, ila walilalamika kwamba kila moja ilianza na mlango unaofunguka polepole. Sinema ilikuwa imeshamteka.

Mwaka 1971 aliajiriwa kukata tiketi katika jumba la sinema nyuma ya soko, na baadaye akawa mwendesha projekta. Filamu za ngumi zilijaza viti. Yeye alipenda zile zilizoonyeshwa siku moja zikasahauliwa, kama ile ya mjane anayetengeneza saa.

Siku moja alikuja fundi umeme kurekebisha feni. Akachungulia ukumbi mtupu, akasema, "Dada, filamu hii lazima ni mbovu. Hakuna watu."

"Kwani wageni wasipofika arusini, bibi arusi anakuwa mbaya?"

Fundi akaweka bisibisi chini, akatazama mpaka mwisho. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumba lilifungwa mwaka 1994, na mwenye jumba akaagiza filamu zote zipelekwe jaani. Dada akasimama mbele ya gari la taka, mikono kiunoni.

"Mama, pisha! Hizi hakuna hata anayezijua!" dereva alifoka.

"Ndiyo maana sitoki."

Watu walipoanza kujaa, mwenye jumba akasalimu amri: "Chukua zote, na projekta yake, na usinirudishie."

Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri, sebule yake ilikuwa ukumbi. Kabla ya filamu alisema neno: "Msihangaike na nani atashinda. Mtazameni huyu mama anavyofunga mlango baada ya kumfukuza mwanawe. Anaufunga taratibu. Bado anampenda." Waliokuja kucheka walirudi na jirani zao.

Mwaka 2019 presha ya macho ilimpofusha. Tulidhani mambo yameishia hapo, lakini shemeji akaanza kumsimulia filamu zikionyeshwa.

"Mwanamume ameingia. Amekaa."

"Amekaaje?"

"Amekaa tu, mama watoto."

"Hakuna anayekaa tu. Anangoja mtu, au ameshachoka kungoja?"

Shemeji akasogea karibu, akakodoa macho. "Amechoka. Lakini kofia hajaivua."

"Haya, sasa unaona," dada akasema.

Februari mwaka huu moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa. Binti mkubwa alimuuliza filamu zihifadhiwe wapi. Akajibu, "Zionyesheni, mwanangu. Zikifungiwa kwenye mikebe yake ni mabati tu." Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Aprili, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake watatu. Binti mkubwa ameshahamishia projekta kwake, na Jumamosi hii mlango utakuwa wazi kwa yeyote.

Pumzika, dada. Amani iwe nawe huko ulikotutangulia.